Rejeta ya Ford juu ya Rufiji

Ndege ya kwanza ya kivita kuruka juu ya delta ya Rufiji haikuwa ya kivita. Ilikuwa ndege ya maonyesho. Mwishoni mwa mwaka 1914 rubani Mwingereza, Dennis Cutler, alikuwa Durban akiwafurahisha watu kwa ndege yake ya Curtiss, ya aina inayotua majini. Jeshi la wanamaji la Uingereza likamkodi yeye na ndege yake, likampa cheo haraka haraka, likampakia melini na kumleta katika kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: aende akaangalie kama kweli kuna manowari ya Kijerumani iliyojificha ndani ya mikoko.

Safari ya kwanza alipotea. Alitua karibu na kisiwa kidogo kingine, wakamkuta baada ya saa kadhaa. Rejeta ikawa imekufa. Basi wakatafuta suluhisho la fundi yeyote wa gereji: ikapatikana rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikaletwa Nyororo, ikafungwa kwenye ndege. Akaruka tena. Safari hii aliiona manowari, lakini alipotua kiwiliwili cha ndege kikaharibika, na kingine kikaagizwa kutoka Durban. Desemba akaruka peke yake, injini ikazima, akashuka mtoni mbele ya macho ya Wajerumani. Wenzake walifika kwa boti huku wakipigwa risasi, wakaivuta ndege na kuondoka nayo. Yeye mwenyewe walimkosa. Alikuwa ameshachukuliwa mateka, na alibaki mateka hadi 1917.

Naipenda hadithi hii kwa sababu ya ile rejeta. Historia ya ndege za kivita huandikwa kama historia ya ushujaa angani. Rufiji ilikuwa historia ya vipuri, gundi na joto.

Manowari yenyewe iliitwa Königsberg. Nahodha wake, Max Looff, alikuwa ameingia bandari ya Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Baada ya hapo mitambo yake ikamharibikia na makaa ya mawe yakawa haba, akaiingiza meli katika mikono ya mto Rufiji, karibu na Salale. Mabaharia wakafunga matawi ya miti kwenye milingoti. Vipande vya mitambo vilivyohitaji ukarabati vilikokotwa na vibarua Waafrika kupitia vichakani hadi Dar es Salaam, kisha vikakokotwa kurudi. Tarehe 30 Oktoba Waingereza waligundua ilipo. Waliweza kuziba mlango wa mto, lakini kuifikia hawakuweza, kwa sababu manowari zao zilizama kina kirefu mno kwa maji yale. Mizinga ililazimika kupiga kwa juu ya msitu, na mpiga mzinga haoni anachokipiga. Hapo ndipo ndege ikahitajika: iwe jicho.

Jicho lenyewe lilikuwa la mbao nyepesi, kitambaa na gundi. Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith za kutua majini, pamoja na rubani John Cull. Hazikufaa. Hewa ya joto ni nyepesi, hubeba bawa kidogo, na injini iliyopimwa katika baridi ya Ulaya hupoteza nguvu katika joto la pwani. Unyevu ukapinda mapanga ya mbele, gundi ikalegea, maboya yakavuja. Zikafuata ndege tatu za Short zilizokwisha kutumika kwingine, nazo zilijikokota. Aprili 25 Cull aliifikia Königsberg na picha ikapigwa, lakini ndege yake ilikuwa chini ya futi 1,000, na injini ikapigwa risasi. Juni zikaja ndege nne za nchi kavu, Farman mbili na Caudron mbili, na uwanja ukasafishwa katika kisiwa cha Mafia ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari. Kabla ya shambulio kubwa, baadhi yake zilikuwa zimeshavunjika. Ukihesabu hasara za miezi ile, Wajerumani wanastahili sehemu ndogo tu. Nyingine zote zilikuwa kazi ya jua na maji ya chumvi.

Shambulio lilifanywa na meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya Brazil ili ziende katika mito. Julai 6 zilirusha makombora zaidi ya 600. Mtazamaji aliye angani alituma alama za Morse kwa redio: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Lakini meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, ikawa haieleweki kombora lipi ni la nani. Walirudi nyuma bila kumaliza kazi. Julai 11 walikubaliana zipige kwa zamu.

Siku hiyo Cull aliruka na mtazamaji wake, Harwood Arnold. Severn ilikuwa imeshaanza kulenga sawasawa pale chembe za kombora zilipoipiga injini ya Farman ikazima. Ndege isiyo na injini haianguki papo hapo kama jiwe. Huteleza hewani ikishuka. Katika mteremko ule Arnold alituma habari kwamba wamepigwa na wanahitaji boti, kisha akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka msitu ukamfunika. Walitua mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki chini ya maji akiwa amefungwa kwenye kiti, akajinasua, wakaokolewa wote wawili. Saa chache baadaye Königsberg ilikuwa imeteketea, na Looff akaimalizia kwa kuilipua mwenyewe.

Vitabu vingi vya vita vya majini huishia hapo. Ila delta ilikuwa haijamaliza.

Januari 1917 mapigano yalikuwa yamehamia bara, kando ya mto huo huo. Tarehe 4 mwindaji maarufu Frederick Selous, aliyekuwa na miaka 65, aliuawa Beho Beho. Siku mbili baadaye, tarehe 6, rubani Edwin Moon aliruka juu ya delta na mtazamaji wake, Kamanda Richard Bridgeman. Moon alikuwa mtoto wa Southampton, mmoja wa wale waliojiundia ndege kwa mikono yao kabla ya vita. Injini ilisumbua, wakatua katika kijito, wakaichoma ndege ili isichukuliwe. Halafu wakaanza kuitafuta bahari kwa miguu.

Kwa siku tatu walizunguka. Chakula hakikuwepo, au kilikuwa kidogo mno. Kila walipofika ukingoni ilibidi waogelee hadi upande wa pili, kisha wakakuta ukingo mwingine. Waliunda chelezo, wakapiga kasia mchana na usiku, na maji yakawachukua mpaka nje, baharini. Bridgeman hakuwa muogeleaji hodari. Alikufa kwa uchovu na kupigwa na maji na jua. Jioni Moon alifika ufukweni peke yake, akatekwa. Alipewa nishani, na maelezo ya nishani yanamsifu kwa jinsi alivyojaribu kumwokoa mwenzake.

Maelezo hayo ni mafupi, na ukiyasoma unapata picha ya nchi isiyo na mtu: vichaka visivyopenyeka, vijito, matope. Hapo ndipo ninapokwama. Delta ya Rufiji ina karibu hekta 53,000 za mikoko, na haijawahi kuwa nchi isiyo na mtu. Kwa karne nyingi boriti zake zilikatwa, zikafungwa mafungu, zikapakiwa majahazini na kusubiri kusi lizipeleke Uarabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti mirefu. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za Lamu na Zanzibar ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Watu walilima mpunga katikati ya vijito, wakajenga madungu ya kulinda mashamba dhidi ya ndege na nguruwe. Mkata boriti alijua bamvua inafika wapi, na maji mafu yanaacha mtumbwi umekwama wapi. Alijua kwamba maji yakianza kupwa usiingie kijito chembamba, na kwamba maji yayo hayo ukiyangoja yatakutoa bila kupiga kasia. Kwa Bridgeman na Moon delta ilikuwa ukuta. Kwa mtu wa Salale ilikuwa njia, na ratiba yake ilisomwa mwezini.

Waingereza wenyewe walilijua hilo. Kabla ya shambulio la 1915 walimtuma mwindaji tembo, Pretorius, apime kina cha vijito, naye aliifanya kazi hiyo kwa kutegemea wenyeji na mitumbwi yao. Kwa hiyo jicho la angani halikutosha hata siku moja. Lilihitaji mguu ulio kwenye tope. Kutoka juu, rubani aliona paa la kijani. Chini ya paa hilo kulikuwa na anwani za watu.

Vyuma vimedumu kuliko vitu vingine vyote. Mizinga kumi ya Königsberg ilitolewa majini, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikakokotwa na binadamu katika vita vya nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Ndege hazikuacha kitu. Mbao zilioza, kitambaa kikasombwa, na majivu ya ndege ya Moon yaliondoka na maji kupwa ya kwanza.

Majina yamedumu kwa namna hiyo hiyo, baadhi kama chuma na mengine kama kitambaa. Bridgeman anajulikana kwa jina, cheo na siku aliyokufa. Selous alipewa pori zima, na hata baada ya 2019, sehemu kubwa yake ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jina lake halijafutika kwenye ramani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu 95,000. Kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina moja la pamoja midomoni mwa watu wa Dar es Salaam: Kariakoo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa dola ya Uingereza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Moon aliachiliwa mwishoni mwa 1917, akarudi Uingereza, akaendelea kuruka. Aprili 1920 alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, mahali penye mafundi, vipuri na boti za uokoaji karibu.