Mawe Meusi ya Kafarnaumu

Vikundi vya mahujaji vinavyozuru Nchi Takatifu huonyeshwa mambo mengi kwa siku chache. Huko Kaisarea, mji wa pwani, hutazama jiwe lenye jina la Ponsio Pilato, lililopatikana mwaka 1961. Wengi hawatambui kwamba wanalolipiga picha ni nakala, kwani lenyewe limehifadhiwa Yerusalemu. Kisha basi huondoka. Lakini sisi wa Goma, tukijaliwa siku moja kuwa miongoni mwao, tungeomba basi likawie Kafarnaumu.

Sababu ni mawe yake. Kijiji hicho cha ukingoni mwa ziwa la Galilaya kilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, ndugu wa haya tunayoyavunja kwa nyundo tupate misingi na kuta za nyumba zetu. Kuta zake zilikuwa hafifu, zisizoweza kubeba paa la mawe. Ndiyo maana paa zilikuwa za matawi, udongo na majani makavu. Anayelijua hilo husoma kwa macho mapya sura ya pili ya Injili ya Marko, pale watu wanne wanapotoboa paa na kumshusha mwenye kupooza.

Mwaka 1968 Wafransisko Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda walianza kuchimba penye magofu ya kanisa la pembe nane la karne ya 5. Chini yake walikuta nyumba ya kawaida kama za jirani, isipokuwa chumba kimoja: kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa mara kadhaa, na juu ya chokaa hiyo mahujaji wa kale walikwangua maandishi, mengi kwa Kigiriki. Wachimbaji walihitimisha kwamba ni nyumba ya Petro iliyogeuzwa mahali pa sala. Wataalamu wengine husita, na twaona wana haki ya kusita, kwa maana udongo hautoi hati ya nyumba. Hata hivyo, wajenzi wa karne ya 5 walijua ni chumba kipi hasa cha kukizungushia kanisa. Nani aliwaambia?

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini mwetu na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa hawajazaliwa. Wazee wao bado waweza kuonyesha kwa kidole altare ilikuwa wapi, nani alibatizwa hapo, na kwa njia ipi familia zilikimbilia Gisenyi zikiwa na magodoro kichwani. Wazee hao wanapungua, na mengi ya wanayoyajua hayajaandikwa popote. Waulizeni Jumapili hii baada ya Misa, mkiwa na daftari mkononi, na msisahau kuandika jina la msimulizi na la mtaa wake.