Kasoro Iliyolindwa na Sheria: Macrovision na Deki za VHS

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mmarekani aliyenunua deki ya DVD huku televisheni yake ikiwa na tundu la antena peke yake aliona njia rahisi: kupitisha waya kwenye deki yake ya zamani ya VHS, kisha kuutoa hapo hadi kwenye televisheni. Picha ilikuja, ikafifia hadi sura za waigizaji zikapotea gizani, ikang'aa kupita kiasi, ikafifia tena. Hakuwa anarekodi chochote. Hata kanda haikuwamo ndani ya deki. Dawa ilikuwa kununua kifaa kingine cha kugeuza mawimbi, ili atazame filamu aliyokwisha kuilipia.

Chanzo chake ni Macrovision, ubunifu wa mhandisi John O. Ryan, ulioanza kuonekana sokoni mwaka 1985 katika kanda za filamu ya The Cotton Club. Kati ya picha moja na inayofuata ipo mistari isiyoonekana, muda ambao mwale wa televisheni unarudi juu ya skrini. Humo ndimo yalimopenyezwa mapigo makali. Deki ya VHS hupima yenyewe nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ilipokutana na mapigo hayo ilidhani picha nzima ni kali mno, ikaipunguza. Televisheni nyingi hazikuathirika. Katika DVD mapigo hayamo hata kwenye diski: diski hubeba amri tu, na deki ya DVD ndiyo inayoyazalisha.

Kwa hiyo tusiiite kufuli. Macrovision haikuifunga filamu. Ilitumia udhaifu wa mashine ya mtu mwingine. Ndiyo maana deki za Betamax, ambazo upimaji wake ni tofauti, zilirekodi bila taabu. Mtengenezaji yeyote angeweza kuiboresha saketi yake na mtego ukaisha kazi, na hapo ndipo Bunge la Marekani lilipoingilia. Sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, kifungu cha 1201(k), iliwapa watengenezaji miezi 18, kisha ikataka deki mpya za VHS ziutii mfumo huo. Kumkataza mtu kuvunja kinga ni jambo linaloeleweka. Kumwamuru mtengenezaji, ambaye si mwenye filamu wala mwizi wake, ahakikishe mashine yake inadanganyika ni jambo jingine kabisa.

Watetezi wa kifungu hicho wana hoja, na si ndogo: kilizuia kinga hiyo isiwekwe kwenye matangazo ya kawaida ya televisheni, hivyo kikaheshimu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1984 katika kesi ya Sony, iliyoruhusu kurekodi kipindi ili kukitazama baadaye. Lakini kifungu hichohicho kilizisamehe deki za kitaalamu, zile ambazo mdurufu wa kibiashara angezitamani kwanza. Aliyebanwa ni wa sebuleni. Tena mpaka uliwekwa kwa kuangalia picha imetoka wapi, si inatumiwaje: mwenye kurekodi tamthilia ya jioni alikuwa salama, na mwenye kunakili diski yake mwenyewe ili watoto waitazame kwenye deki ya chumba cha pili alizuiwa sawasawa na mwenye kunakili ili auze.