Wakili, mwanasheria, bingwa: majina ya kibaoni na uzito wake

wakili *nm* (a-/wa-, wingi *mawakili*) 1. mtu aliyepewa mamlaka na mwingine kutenda au kusema kwa niaba yake. 2. mtaalamu wa sheria aliyeandikishwa na kuruhusiwa kumtetea mteja mahakamani. Asili: Kiarabu, *wakil*.

Maana ya kwanza ndiyo kongwe. Katika miji ya pwani, wakili alikuwa msimamizi wa shamba la mtu aliyesafiri, mkusanyaji wa kodi ya nyumba za mjane, au mtu aliyesimama badala ya mwenziwe katika kufunga ndoa. Hakuhitaji cheti, alihitaji kuaminiwa. Kutoka shina hilohilo Kiswahili kimepata *wakilisha*, *mwakilishi*, *uwakilishi* na, kwa njia ya karibu, *wakala*. Maana ya pili ilikuja na mahakama za kikoloni, na ndiyo iliyozungushiwa ua wa sheria. Maana zote mbili bado zi hai, na msemaji huchagua mojawapo bila kutaja ipi. Tatizo la matumizi huanzia hapo.

Zanzibar ina ushahidi mwingine wa safari ya neno hili. Pamoja na *wakili*, sheria ya huko ilimtambua *vakili*, mtetezi wa daraja la chini aliyeruhusiwa kufika mbele ya mahakama ndogo. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja: la kwanza lilitoka Uarabuni moja kwa moja, la pili lilizunguka kupitia Uajemi na India, ambako *v* ilichukua nafasi ya *w*, likafika Unguja pamoja na watu na taratibu za mahakama za Bahari ya Hindi. Herufi moja ikawa tofauti ya cheo.

Wakili na mwanasheria

*Mwanasheria* ni neno pana. Humhusu yeyote aliyesomea sheria: mhadhiri, ofisa wa benki, mwanasheria wa halmashauri, hata mhitimu ambaye hajapata kazi. *Wakili*, katika maana ya pili, ni mwembamba zaidi. Tanzania Bara, mhitimu wa shahada ya sheria hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kisha huomba kukubaliwa na Jaji Mkuu, huapishwa, na jina lake huandikwa katika daftari la mawakili. Baada ya hapo hana budi kuwa na leseni hai ya kila mwaka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtia hatiani mtu asiye na sifa hizo anayejifanya wakili. Jina *mwanasheria* halina ulinzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili. Sentensi hiyo hufundishwa kwa wepesi darasani, ila gharama yake huonekana mbali na darasa. Nanganga, katika barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi, ndipo njia ya Ruangwa inapokatia, na mbele yake Nachingwea. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Na katika miaka ya karibuni uchimbaji wa madini ya kinywe huko Ruangwa umelifanya neno *fidia* kuwa la kila siku. Mkulima wa huko mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha wala si kuamua. Suluhu ikishindikana, shauri hupanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu, ambayo kwa kanda hiyo iko Mtwara. Mkulima aliyeuza magunia ya ufuta ili amlipe "mwanasheria" anaweza kugundua siku ya shauri kwamba aliyemlipa hana ruhusa ya kusimama na kumtetea. Hapo hajaibiwa kwa uongo ulio wazi. Neno alilouziwa lilikuwa la kweli, ila halikuwa neno alilolihitaji.

Anayefanya kazi hiyo bila sifa huitwa *kishoka* (wingi *vishoka*), neno ambalo Watanzania hulitumia pia kwa wanaojifanya mafundi wa umeme. Limeshaingia katika hotuba za viongozi wa mahakama na wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, na linafaa kuorodheshwa kama neno la kawaida badala ya la mitaani. Lisichanganywe na *msaidizi wa kisheria*, ambaye ana hadhi yake chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: huyu husajiliwa, huelimisha na kuelekeza wasio na uwezo bila malipo, wala hashiki nafasi ya wakili mahakamani. Kumwita msaidizi wa kisheria "wakili wetu wa kijiji" ni heshima yenye hatari, kwa sababu wanakijiji watamtegemea mahali ambapo sheria haimruhusu kufika.

Maana kongwe ya neno, hata hivyo, haijafukuzwa kabisa mahakamani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliiachia Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kumruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja na mdaawa amsemee, na kwa miongo mingi mahakama hiyohiyo ilimfungia mlango wakili mwenye leseni. Marekebisho ya mwaka 2021 yalimfungulia mlango pale panapoketi hakimu mkazi. Hivyo katika ngazi ambayo wanakijiji wengi huijua zaidi, aliyekuwa wakili kwa maana ya kwanza aliweza kusikilizwa na aliyekuwa wakili kwa maana ya pili akakaa nje. Si ajabu maana hizo zikachanganyika.

Msomi, mwandamizi, kamishna wa viapo

*Wakili msomi* ni lugha ya adabu. Mawakili huitana hivyo mbele ya jaji, na jaji huwaita hivyo wote, hodari na wazembe. Si shahada wala daraja. Kuliandika kibaoni ni kugeuza salamu kuwa sifa.

*Mwandamizi* lahitaji uangalifu wa mipaka ya nchi. Tanzania, *wakili wa serikali mwandamizi* ni cheo cha utumishi wa umma. Kenya, *wakili mwandamizi* hutumika kwa heshima anayotunukiwa wakili mkongwe. Lote ni neno la ukubwa wa cheo au wa kazi. Halisemi mtu ameibobea sheria ya ardhi, ya madini au ya mirathi.

*Kamishna wa viapo* hutaja mamlaka ya kuapisha na kushuhudia viapo. Ni mamlaka halisi, lakini muhuri wake huthibitisha kwamba mtu aliapa, si kwamba aliloapa ni kweli.

Bingwa na mbobezi

Hapa ndipo penye uzito. *Bingwa* ni mtu aliyewashinda wengine au aliyefikia kilele cha ujuzi. Katika tiba, neno limepata maana maalumu: *daktari bingwa* ni aliyesomea tawi moja baada ya shahada ya kwanza na kutambuliwa hivyo na Baraza la Madaktari. Juu yake amewekwa *bingwa mbobezi*. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka hospitali za wilaya zimeieneza maana hiyo hadi vijijini, kiasi kwamba msikilizaji wa leo akisikia *bingwa wa* jambo fulani hudhani kuna chombo kilichompima.

Kwa mawakili chombo hicho hakipo. Sheria ya Mawakili inajua daftari moja, na ndani yake wakili wa jinai, wa ardhi na wa kampuni wameandikwa kwa jina lilelile. *Wakili bingwa wa migogoro ya ardhi* au *mbobezi wa sheria za madini* ni maoni ya mtu juu ya nafsi yake, yaliyovaa vazi la cheti. Maoni hayo yanaweza kuwa sahihi. Kuna mawakili waliokesha miaka ishirini na mashauri ya ardhi. Lakini anayesoma kibao njiani hana namna ya kuwatofautisha na aliyeanza jana.

Nchi nyingine zimelikabili swali hili kwa uwazi zaidi. Marekani, ambako kila jimbo lina kanuni zake za mawakili, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1977, katika shauri la Bates lililotoka Arizona, kwamba wakili hawezi kuzuiwa kabisa kujitangaza. Mwaka 1990 likaja shauri la Peel, kutoka Illinois: wakili aliandika juu ya karatasi zake za barua kwamba ametambuliwa na chombo cha kitaifa kuwa bingwa wa mashauri ya madai. Jimbo lilimwadhibu, Mahakama Kuu ikatengua adhabu, kwa kuwa alichoandika kilikuwa kweli na kingeweza kuhakikiwa. Majaji hawakuacha mlango wazi kabisa. Jimbo linaweza kudai tamko la ufafanuzi: ni nani aliyetoa cheti, na kwa vigezo gani. Tangu hapo, kanuni za majimbo mengi huhitaji jina la mtoa cheti litajwe bayana kando ya neno la ubingwa.

Afrika Mashariki ilirithi kutoka Uingereza desturi ya wakili kutojitangaza, na Uingereza yenyewe ikawalegezea mawakili wake wa ofisini mwaka 1984. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba katazo la jumla linapingana na Katiba ya 2010, hasa haki ya mlaji kupata taarifa. Kanuni za mwaka 2014 zikaruhusu matangazo kwa mipaka. Tanzania Bara imebaki karibu zaidi na desturi ya zamani.

Msamiati wa jambo hilo nao una daraja. *Kujitambulisha* ni kutaja jina, anwani na kazi. *Kujitangaza* ni kutafuta wateja kwa sauti ya kadiri. *Kujinadi* huelekea mnadani, na *kupiga debe* ni kazi ya stendi: anayewavuta abiria wa Ruangwa kwa mkono pale Nanganga hajali gari litafika saa ngapi. Kanuni za maadili zinapokataza kuwinda wateja, tafsiri iliyo karibu na sikio la Mtanzania ni kwamba wakili asipigiwe debe, wala asipige mwenyewe.

Ushauri wa matumizi

Mwandishi wa kibao, tangazo au habari apende kitenzi kuliko jina. *Wakili fulani hushughulikia mashauri ya ardhi na mirathi* ni taarifa ya kazi, na yaweza kuhakikiwa. *Wakili fulani ni bingwa wa ardhi na mirathi* ni taarifa ya cheo ambacho hakijatolewa. Pale ambapo cheti kipo kweli, mathalani shahada ya uzamili, kitajwe chenyewe pamoja na chuo kilichokitoa. *Mwenye shahada ya uzamili katika sheria ya mazingira* haihitaji *bingwa* wa kuisindikiza. Waandishi wa habari nao wajizuie kumpa mhojiwa cheo ambacho yeye mwenyewe asingethubutu kukiandika.

Msomaji anayetaka kujua kama mtu ni wakili kwa maana ya pili anaweza kulitafuta jina katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, ambao hufunguka hata kwa simu. Na anayepokea hati iliyokwisha kuandikwa aangalie mwisho wake: sheria humtaka aliyeitayarisha aandike jina na anwani yake, kwa kawaida chini ya maneno *Imeandaliwa na*.

Tazama pia: *kaimu*, *mdhamini*, *mtetezi*, *wakala*.