Wakanda Forever: uzuri na udhaifu wa filme isiyo na mfalme wake

Black Panther: Wakanda Forever ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2022, miaka minne kisha ile ya kwanza. Kwa mwongozaji Ryan Coogler kazi ilikuwa nguvu tangu mwanzo. Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme T'Challa, alikufa kwa kansa ya utumbo mwezi wa 8 mwaka 2020, akiwa na miaka 43. Marvel ikakataa kuweka mtu mwingine pa nafasi yake. Kwa hiyo ndani ya filme pia mfalme anakufa kwa ugonjwa, na dada yake Shuri, na akili yake yote ya maabara, anashindwa kumuponyesha.

Hapo njo uzuri wake mkubwa unapatikana. Ni kilio cha kweli: Wakanda mzima wamevaa nyeupe, wanaimba na kucheza wakisindikiza sanduku. Mtu aliyezika wake anaelewa bila kuelezwa. Angela Bassett, mama malkia Ramonda, anabeba filme yote. Alipata Golden Globe juu ya kazi hiyo. Ruth E. Carter naye akapata Oscar ya mavazi, mara yake ya pili.

Halafu kuna madini. Kongo haitajwi, lakini Mkongomani anajiona. Mfalme akisha kufa, inchi kubwa zinaanza kutamani vibranium. Mbele ya Umoja wa Mataifa, kule Geneva, Ramonda anaingiza askari wenye kufungwa mikono, walioshikwa wakitaka kuiba kule Mali: ni Wafaransa. Waziri wa ulinzi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alikasirika wazi mwaka 2023.

Kisha filme inapoteza njia. Anatokea Namor (Tenoch Huerta), mfalme wa Talokan, mji wa chini ya bahari wa watu wenye asili ya Maya, wenye vibranium pia. Hasira yake ina sababu, anakumbuka utumwa wa Wahispania. Lakini watu wawili wenye kutafutwa na wezi walewale wanauana wao kwa wao, na wezi wanasahauliwa! Vita ya mwisho nayo, Wakanda wanaenda kupigana baharini na watu wa maji. Mpango ni kumkausha Namor, sawa, ila askari wanakwisha mule.

Saa mbili na dakika 41 ni mingi pia. Riri Williams, mwanafunzi mwenye kutengeneza mashini ya kutafuta vibranium, anafurahisha, lakini inaonekana aliwekwa kutayarisha kipindi chake, Ironheart, kilichotoka 2025.

Majina yakianza kupita, mutu asisimame mbio: kumebaki kipande kifupi kule Haiti, na ni kule swali la mrizi wa T'Challa linapata jibu.