Jiko la Kauri, Jiko Lisilo na Mwenyewe

Wasomaji wangu, leo tuweke msimbo kando kidogo tuingie jikoni. Kila bei ya gesi inapopanda kuna rafiki huniuliza anunue jiko gani la makaa, kana kwamba mtu aliyesomea kompyuta anajua kila kitu kinachotoa joto. Jibu langu huwa refu kuliko swali, maana jiko hili halieleweki bila historia yake. Nazungumzia lile lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo ndani, ambalo Wakenya wengi tumewahi kulipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya teknolojia zilizofaulu zaidi kutoka Nairobi, na hakuna aliyekuwa analimiliki.

Kabla yake kulikuwa na jiko la bati tupu. Inasimuliwa kwamba lililetwa na mafundi Wahindi waliokuja enzi za kujengwa kwa reli, kisha mafundi Waafrika wakaliiga na kulitengeneza kwa mabati chakavu na mapipa yaliyokatwa. Lilikuwa rahisi, jepesi, na chini lilitoboka haraka. Ubaya wake mkubwa hauonekani kwa macho: bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo jiko linapasha hewa ya jikoni na miguu ya mpishi kabla ya kupasha ugali. Vipimo vilionyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 20 tu ya joto la makaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Halafu bei ya mafuta ikapanda mwaka wa 1973, na mwaka wa 1975 Mmarekani Erik Eckholm akaandika kwamba kuna shida nyingine ya nishati isiyotajwa magazetini, nayo ni kuni za watu maskini. Tukumbuke kwamba kuchoma makaa kwenye tanuri la udongo shambani kunapoteza zaidi ya nusu ya nishati iliyokuwa ndani ya mti. Kinachobaki ndicho kinapakiwa kwenye gunia na kuletwa mjini, nacho kinawekwa kwenye jiko linalopoteza tena sehemu kubwa. Ukizidisha hasara hizo mbili unaona kwa nini wataalamu walianza kukosa usingizi.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa nishati mpya na jadidifu hapa Nairobi. Kutokana na vuguvugu la wakati huo ukazaliwa muungano wa mashirika ulioitwa KENGO. Wizara ya Nishati nayo ilikuwa na mradi wake uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Katika kazi hiyo jina la kukumbuka ni Maxwell Kinyanjui, Mkenya aliyefanya kazi kubwa ya kulisanifu jiko jipya. Wazo la msingi halikuwa la kwetu. Lilitoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo: ndoo ya bati iliyojazwa udongo uliochomwa kuanzia juu hadi chini.

Toleo la kwanza la Kenya lilifuata ndoo hiyo, likagoma. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto, kwa hiyo udongo ulipasuka. Tena lilikuwa zito. Mimi nikisoma habari hizi naona kitu ninachokijua: programu iliyoandikwa kwa mashine moja ikahamishiwa mashine nyingine bila kubadilishwa. Sisi tunasonga ugali. Mtu anasimama au anainama, anakandamiza mwiko kwa nguvu zake zote, na sufuria inavutwa huku na huku. Jiko ambalo halijatulia litapinduka na makaa yake.

Basi likabadilishwa. Wanawake waliopikia majaribio hayo walisema kisichofaa, na mafundi wakakata bati upya. Chini likapanuliwa kama kengele ili lisipinduke, katikati likabanwa likawa na kiuno, na juu likapanuka tena. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, kama bakuli lenye matundu linalokaa juu ya kile kiuno, na kati ya bakuli na bati ikapakwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yanayozuia joto. Nusu ya chini ikabaki bati tupu, chumba cha majivu chenye mlango mdogo. Ukifungua mlango hewa inaingia na makaa yanawaka kwa nguvu. Ukiufunga moto unatulia, maharagwe yanachemka polepole bila kula makaa bure. Jiko likitengenezwa vizuri, joto linalofika kwenye sufuria hupanda hadi kati ya asilimia 25 na 40.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Fundi wa bati hajui kufinyanga, na mfinyanzi hana haja na nyundo. Hawa walikuwa watu wa dunia mbili. Mmoja alikuwa Shauri Moyo au Kamukunji, anagonga bati chini ya jua kali (ndipo jina lilipotoka), na mwingine alikuwa karibu na udongo wake na tanuri lake. Sasa wakaunganishwa na kipimo kimoja: upana wa bakuli lazima ulingane na kiuno cha bati. Maadamu kipimo hicho kinaheshimiwa, kila mmoja anaweza kuboresha upande wake bila kumwuliza mwenzake. Sisi watu wa programu hulipa pesa nyingi kwenye kongamano kufundishwa jambo hilo hilo.

Hakuna aliyelikatia jiko hili hataza. Mafundi walifundishwa, wakafundisha wengine, na yeyote aliyeweza kununua jiko moja angeweza kulifungua na kuliiga. Mwaka wa 1983, Richard Stallman alipokuwa akitangaza mradi wake wa GNU huko Marekani, mafundi wetu walikuwa tayari wanafanya mambo yale yale kwa nyundo. Matokeo yake yalikuwa bei. Mwanzoni jiko la kauri liliuzwa kama dola 15, kiasi ambacho mama wa kibanda asingeweza kufikiria. Kadiri waigaji walivyoongezeka, bei ilishuka hadi dola chache tu. Daniel Kammen, mwanafizikia aliyeandika juu ya jiko hili katika jarida la Scientific American mwaka wa 1995, alieleza kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Kufikia wakati huo yalikuwa yanatumika zaidi ya majiko 700,000. Wazo likavuka mipaka pia. Ethiopia wana Lakech, Tanzania wakapata Jiko Bora, na kuna ndugu zake Uganda, Rwanda, Sudan hadi Ghana.

Lakini uhuru huo ulikuwa na deni, na anayelilipa ni mnunuzi. Kama kila mtu anaruhusiwa kunakili, basi na yule mvivu anaruhusiwa. Sokoni kukajaa majiko yenye bakuli jembamba lililochomwa nusunusu, saruji ya kubandika tu, na bati jepesi kama la kopo la maziwa. Yote yanapakwa rangi ile ile inayong'aa. Ile ahadi ya kuokoa thuluthi moja hadi nusu ya makaa ilikuwa ya jiko lililotengenezwa kwa vipimo sahihi, lakini ilisafiri na kila nakala.

Mashambani hadithi ilienda njia nyingine. Kuanzia 1983 Maendeleo ya Wanawake, wakisaidiwa na GTZ ya Ujerumani, walisambaza jiko la kuni lililoitwa Maendeleo, ambalo baadaye liliuzwa kwa jina la Upesi. Hili halibebwi. Unanunua mzinga wa udongo kutoka kwa wafinyanzi (akina mama wa upande wa Kisumu wamejulikana sana kwa kazi hiyo), halafu unaujengea jikoni kwa mawe na matope. Anayepika kwa kuni na anunue la kuni. Bakuli la jiko la makaa ni fupi mno kwa kipande cha mti, na utapata moshi tu.

Siku hizi kuna mshindani asiye huria. Jikokoa, linalotengenezwa na kampuni ya BURN katika kiwanda chao Ruiru, ni la chuma lenye pamba ya kauri inayozuia joto. Lina jina la biashara, lina dhamana, na bei yake ni mara kadhaa ya jiko la kawaida. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, na makaa yakawa ghali, hesabu ya majiko kama hayo ilianza kuwaingia watu akilini. Sina ugomvi nalo. Ubora unakaguliwa mara moja, kiwandani, badala ya kukaguliwa na kila mama sokoni. Ila fundi wa Kamukunji hawezi kulifungua akaliboresha, na hilo linaniuma kidogo.

Sasa jibu la rafiki yangu. Ukienda kununua la kauri, ligonge bakuli kwa kifundo cha kidole. Udongo uliochomwa vizuri unalia kama kikombe, na uliopasuka au kuiva nusu unatoa sauti ya ubao. Tazama kama bakuli lina unene sawa pande zote na kama saruji imeshika bati bila nafasi. Fungua na ufunge mlango, kwa maana usipofunga sawasawa umenunua jiko la bati lenye mapambo. Siku ya kwanza washa moto mdogo, saruji ikauke kabisa kabla ya kuiwekea githeri ya saa tatu.

Na mahali pa kuliweka. Makaa hayana moshi mwingi, ndiyo sababu watu huyaamini ndani ya nyumba, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyolala na jiko chumbani ili kupata joto isiamke. Bakuli la udongo haliondoi hewa hiyo hata kidogo. Liwake nje, lipikie karibu na mlango au dirisha lililo wazi, na usiku litoke nje hata kama limebaki na makaa mawili.

Bakuli likipasuka, usitupe bati. Libebe mpaka kwa fundi, apime udongo mpya hapo hapo ukiona, kwa sababu kile kipimo kimoja cha zamani kila mtu ameshakirekebisha apendavyo.