Hukumu ya Pakanga

Sijui kileo kingine cha Ulaya kilichovumishwa vibaya kama absinthi, wala kilichohukumiwa kwa ushahidi dhaifu namna ile. Kiungo chake kikuu ni pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili waujua katika kitabu cha Ufunuo. Kileo chenyewe kilianza kama dawa katika bonde la Val-de-Travers, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1805 Henri-Louis Pernod akafungua kiwanda Pontarlier, ng'ambo ya mpaka, Ufaransa.

Askari wa Kifaransa waliopigana Aljeria walipewa absinthi iwakinge na homa, wakarudi kwao wameizoea. Kisha, tangu miaka ya 1860, mdudu aitwaye filoksera akaila mizizi ya mizabibu. Divai ikaadimika, na maskini wakageukia absinthi. Hapo ndipo uovu ulipoingia, walakini haukuingia kwa mlango wa pakanga. Watengenezaji wasio waaminifu waliacha kukeneka majani, wakachanganya mafuta ya viungo na spiriti duni. Na ili kupata rangi ya kijani wengine wakatia mrututu, ambao ni sumu.

Daktari Valentin Magnan wa Paris aliwapa wanyama mafuta matupu ya pakanga, wakashikwa na kifafa, naye akawahukumu wanywaji kwa kipimo hicho. Ni sawa na kumlisha mtu kibaba cha pilipili, kisha kuulaumu mchuzi.

Agosti 1905, katika kijiji cha Commugny, Uswisi, kibarua Jean Lanfray alimwua mkewe mjamzito na binti zao wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa divai nyingi mno, na brandi pia. Absinthi ilikuwa bilauri mbili tu. Watu wakazikumbuka hizo mbili. Waswisi wakapiga kura mwaka 1908, marufuku ikaanza 1910. Ufaransa ikafuata 1915, na miongoni mwa waliopiga kelele walikuwamo wakulima wa mizabibu, ambao absinthi ilikuwa imewanyang'anya wanunuzi.

Mwaka 2008 wanakemia walitangaza matokeo ya kupima chupa 13 za kabla ya marufuku. Thujoni, ile sumu ya pakanga, ilikuwa wastani wa miligramu 25 hivi kwa lita, chini ya kikomo cha 35 kilichowekwa Ulaya kwa vileo vichungu. Alkoholi, kinyume chake, ilikaribia asilimia 70. Mkosaji alikuwa huyo, na katika divai pia alikuwamo.

Uswisi iliihalalisha tena mwaka 2005. Basi anayechagua absinthi leo hana budi kuuliza jambo ambalo wapiga kura hawakuliuliza: imetengenezwaje? Iliyo njema hukenekwa pamoja na pakanga, anisi na shamari, si kuchanganywa mafuta. Ile ya kijani hupata rangi katika majani yanayolowekwa baadaye, na kwa miaka hugeuka rangi ya jani kavu. Kijani kikali kisichopauka ni cha rangi ya dukani. Isiyo na rangi nayo ni halali, na ndiyo Waswisi waliyoitengeneza kwa siri wakati wa marufuku. Maji baridi yakidondoshwa, mafuta ya anisi hujitenga, kileo kikawa kama maziwa yaliyozimuliwa. Lakini wingu hilo halitoshi kuwa shahidi, kwa kuwa anisi nyingi hulileta hata katika kileo duni. Ulimi ndio huamua: uchungu uwepo, wala usizifunike harufu za majani. Ama kuiwasha sukari moto, huo ni mtindo wa baa za Ucheki wa miaka ya 1990, ambao wazee wa Pontarlier hawakuujua.