Bagamoyo
Bagamoyo ni mji mdogo wa Mkoa wa Pwani, Tanzania, takriban km 75 kaskazini kwa Dar es Salaam. Jumamosi na Jumapili watu wa Dar huja kuogelea, na wanafunzi hutembelea magofu ya Kaole na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868.

Wakati wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, njia kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa. Wengine husema jina latokana na "bwaga moyo": pumziko la wapagazi, au kukata tamaa kwa watumwa.

Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, ambao wengi hawatajwi sana, walifikisha misheni maiti ya David Livingstone, baada ya kuibeba miezi tisa kutoka Zambia ya leo. Alipozikwa London, Chuma na Susi hawakuwepo.